Mtoto abaki, mjomba atoke: kisa kimoja cha Malindi

Niseme mapema, hiki kisa cha mtoto aliyechapwa na mjomba wake nimekichanganya makusudi, majina hakuna, mtaa siutaji na mambo kadhaa ya kifamilia nimeyageuza ili mtu wa Malindi akisoma asianze kumnyooshea jirani kidole. Lakini namna kazi ilivyokwenda ndiyo hiyo. Nimekichagua kwa sababu si kisa cha kufika gazetini, ni kile cha kawaida kabisa ambacho ndicho kinajaza mafaili, na pia kwa sababu afisa wa watoto aliyekishika alifanya vitu viwili vitatu ambavyo wengi wetu twavijua kwa mdomo tu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa naye kila wiki tukilipitia faili.

Kijana ana miaka kumi, yuko gredi ya nne. Dadake ana sita. Wakaa na nyanya mzaa mama, mama mwenyewe yuko Saudia kazi za nyumbani, baba waliachana zamani na yuko upande wa Garsen na mke mwengine. Nyumba hiyohiyo analala mjomba, mdogo wake mama, ambaye ni wa bodaboda na msimu ukiwa mzuri hubeba wafanyakazi na wageni wa hoteli za Casuarina mpaka Watamu. Sasa hii ilikuwa mwezi wa tano. Mwenye kuijua Malindi ya mwezi wa tano ajua, mvua, hoteli zimefungwa nusu, Wataliano washaenda kwao, na pikipiki ni ya mkopo ina malipo ya kila siku iwe umepata abiria au hukupata.

Mwalimu wa darasa aliona kijana hakai sawa kwenye dawati, anakaa upande mmoja. Akamuita pembeni, akaona kwenye vigimbi alama za waya, zile ndefu zimevimba, nyengine mbichi nyengine zishaanza kupoa. Hiyo ya zishaanza kupoa ndiyo muhimu, maana yake haikuwa hasira za siku moja. Mwalimu hakumhoji sana, alimuuliza tu nini kimetokea, akaandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, mwalimu mkuu akapiga simu ofisi ya watoto ya sub-county. Angeweza pia kupiga 116, ile laini ya bure ya watoto inayopokewa mchana na usiku, lakini ofisi ilikuwa karibu.

Kisheria hapo hapana ubishi. Sheria ya Watoto ya 2022 kifungu cha 144 kinaeleza mtoto anayehitaji malezi na ulinzi ni yupi, na Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema mtoto alindwe na ukatili na maslahi yake yatangulie. Shida haikuwa sheria. Shida ni utaingiaje ile nyumba na utoke na kitu.

Kuna njia mbili zilizozoeleka kwetu na zote mbili mimi sizipendi. Moja ni kwenda na chifu, polisi na gari, mtaa mzima watoka nje kuangalia, familia yafunga mdomo na kuanzia siku hiyo mtoto aonekana ndiye aliyeleta aibu. Nyengine ni ile ya kuingia kwa urafiki wa uongo, "nimepita tu kuwasalimia", unakunywa chai, unasifu watoto, halafu wiki ijayo unarudi na barua. Hii ya pili wengi waiona ndio upole. Mimi naona ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu yule wa gari angalau hakuficha alichokuja nacho.

Afisa alikwenda na mama mmoja wa kujitolea wa mtaa, ambaye nyanya humuuzia mahamri. Ilikuwa saa nne asubuhi, biashara ya nyanya ishaisha, karai limepinduliwa ukutani na nyanya akikuna nazi ya mchana. Afisa akatoa shikamoo, akaambiwa marahaba na akaletewa kigoda. Kabla hajakaa akasema, na haya nayaandika kama yalivyo kwenye faili: "Mama, mimi ni afisa wa watoto. Nimekuja kwa sababu mjukuu wako ameonekana shule ana alama za kuchapwa na mimi kazi yangu ni kuhakikisha yuko salama. Nina nguvu za kisheria, sitakuficha. Ila sikuja na gari la kubeba mtoto leo, nimekuja nikusikilize wewe unayekaa naye."

Nyanya hakuacha kukuna nazi. Akamwambia, "Mwataka kuwachukua mukawatie kwa zile nyumba za wazungu." Na hofu yake si ya bure, ukanda huu una makao ya watoto mengi na watu washaona watoto waliokwenda "kwa muda" wakakaa miaka. Afisa hakumwambia usijali mama. Alimueleza kwamba serikali sasa ina mkakati wake wa 2022 mpaka 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa familia, kwamba mtoto kutolewa nyumbani ni jambo la mwisho na hupitia kortini, na kwamba lingeweza kutokea kama hapatakuwa na mtu mzima wa kumlinda ndani ya nyumba. Halafu akauliza, "Hapa nyumbani, ni nani humsimamia mtoto mambo yakichafuka?" Nyanya akanyamaza sana, kisha akasema, "Mimi. Lakini nguvu za kumzuia mwanangu sina."

Hilo jibu ndilo lililobeba kesi yote. Angeulizwa "kwa nini humlindi mjukuu wako" angejitetea mpaka magharibi.

Kijana alizungumzishwa shule, faragha, si mbele ya watu wa nyumbani. Afisa alimwambia mwanzo kabisa kwamba akisema kitu cha hatari hatakiweka siri, ila atamwambia kabla ya kumwambia mtu mwengine. Hakumuuliza "mjomba alikupiga na waya, sio?" kwa sababu swali kama hilo lashatia jibu mdomoni, na kesi ikifika mbele wakili atalirarua hapohapo. Alimpa karatasi achore nyumba tatu, hii ni mbinu iliyotoka New Zealand: nyumba ya wasiwasi, nyumba ya mambo mazuri, na nyumba ya vile angetaka iwe. Kwenye ya wasiwasi kijana hakuchora mtu. Alichora pikipiki. Alipoulizwa akasema akisikia mlio wake kwa mbali anajua ni mjomba kabla hajafika kona, zote nyengine mtaani azijua kwa mlio pia.

Kumbe sababu ya kuchapwa ilikuwa pesa za mahamri. Kijana huamka saa kumi alfajiri kumsaidia nyanya kukata unga na kukaanga, halafu apeleka ndoo kwenye vibanda viwili, ndio aende shule. Pesa akirudi nazo zapungua, hamsini leo, mia kesho. Zilikuwa zaenda kwenye gemu, kile chumba cha pileistesheni walichopanga screen tatu na viti vya plastiki. Mtu waweza sema basi ni mwizi na mvivu wa shule, lakini angalia saa. Gemu alikuwa achezea jioni, saa kumi na moja mpaka mjomba atoke tena na pikipiki baada ya kula. Alikuwa analipa pesa asiwe nyumbani.

Hospitali alipelekwa siku hiyohiyo ya kwanza na nyanya mwenyewe akiwa naye. Hili nalisisitiza kwa sababu mara nyingi mtoto hupelekwa na mtu wa ofisi, familia yabaki nyumbani ikikisia. Nyanya aliona daktari akipima kila alama na kujaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha. Njiani kurudi ndipo alipoanza kusema mwenyewe. Ripoti ilikuwa ishaandikwa OB, kile kitabu cha matukio, kituoni kwenye dawati la jinsia, na mjomba akaitwa kuandika maelezo.

Sasa palikuwa na uamuzi mgumu, mtoto alale wapi usiku huo. Fikra ya haraka ya watu wengi ni mtoto aondolewe. Lakini aondolewe aende wapi, aache dadake, aache shule, aache nyanya ambaye ndiye mtu pekee aliyesema "mimi", na mtoto ndiye aliyepigwa? Afisa akaligeuza. Alimuuliza nyanya mbele ya mama wa kujitolea kama yuko tayari mwanawe alale kwengine mpaka mambo yapangwe. Nyanya akalia, kwa sababu ni mwanawe wa mwisho huyo. Halafu akakubali, akaenda kumuambia mwenyewe, na mjomba akahamia kwa rafiki yake wa steji. Ile jioni jirani na imamu wa msikiti wa karibu walijulishwa kwa kiasi cha kutosha tu kwamba akija usiku wapige simu. Bila ya hilo la jirani mimi nisingelikubali huo mpango, ahadi ya nyanya peke yake si ulinzi, yeye mwenyewe ashasema nguvu hana.

Mjomba alipokutana na afisa alikuja amevimba. Akatoa methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Na yeye mwenyewe alilelewa kwa fimbo na hakufa. Afisa hakubishana na methali, ukibishana na methali Pwani utakesha. Alimuuliza, "Umemchapa mara ngapi kwa hizo pesa?" Mara tatu, nne. "Na pesa ziliacha kupotea?" Kimya. "Hazijaacha." Basi, akaliacha hapo wakaendelea na mengine, deni la pikipiki, msimu, vile dada yake anavyompigia usiku kumuuliza watoto. Kumuelewa si kumsamehe, na afisa alimwambia wazi kwamba maelezo yake polisi yataendelea na mkondo wake na yeye hana uwezo wa kuyafuta wala hataki.

Hapo ndipo paliponoga ugomvi, maana wazee wa familia walitaka kikao cha kuimaliza nyumbani. Hili neno lafaa lisemwe vizuri kwa sababu kikao cha familia ni mbinu halali kabisa ya kazi yetu, New Zealand waliiweka kwenye sheria mwaka 1989 kutokana na desturi za Wamaori za ukoo kukaa na kuamua juu ya mtoto wao, na sisi tuliokulia kwenye vikao vya wazee haitushangazi. Lakini kikao cha kumpangia mtoto usalama si maslaha. Maslaha hulenga wakubwa wapatane, mbuzi aliwe, kesi ifutwe. Hiki chalenga mtoto alale salama. Na kesi ya dhuluma ya kingono haiingizwi kabisa kwenye meza ya mapatano, hapo ni polisi na hospitali mara moja, mtu asije akatumia haya niliyoyaandika kuhalalisha zile suluhu za chini ya mwembe.

Kikao kiliwekwa baada ya sala ya isha kwa sababu ya mama. Saudia na sisi saa ni zilezile, lakini yeye simu huipata tajiri wake akishalala, basi afisa alikubali kufanya kazi saa tatu usiku. Wapo watakaosema huo si utaratibu wa ofisi. Sawa, ila bila mama kile kikao kingekuwa cha watu kumjadili mtu asiyekuwepo. Baba naye aliitwa. Alijaribu kusema watoto washakuwa wa upande wa mke, akaambiwa Katiba yasema baba na mama wana jukumu sawa, wameoana au hawakuoana. Akataka atumiwe nauli. Akatumiwa na shangazi wa watoto, dadake mwenyewe, kwa aibu.

Afisa aliuliza swali moja kila mtu alijibu kivyake: kutoka sifuri mpaka kumi, sifuri ni mtoto yuko hatarini leo usiku na kumi ni hatuna wasiwasi kabisa, wewe waweka ngapi? Hii ni ya ule mtindo wa Signs of Safety ulioanzia Australia Magharibi miaka ya 1990. Mjomba akasema nane. Nyanya tano. Mama kwenye simu, sauti yakatika kwa sababu ya neti, akasema mbili. Ile nane na ile mbili zilipokaa mezani pamoja hapakuwa na haja ya afisa kuhubiri, mama ndiye aliyemuuliza nduguye, "Nane kivipi, mwanangu hawezi kukaa?"

Na hapo ndipo likatoka la pesa, ambalo halikuwa kwenye faili kabisa. Mama alikuwa akituma shilingi elfu kumi na tano kila mwezi kwa simu ya mjomba. Nyanya alikuwa akipewa elfu nne. Nyanya alikuwa ajua binti yake atuma hizo nne tu na alishaanza kumsema kwa majirani kwamba Saudia kumemsahaulisha. Kumbe zilizobaki zaenda kwenye mkopo wa pikipiki. Ndio maana nyanya akauza mahamri, ndio maana kijana akaamka saa kumi, ndio maana pesa za mahamri zikawa za kupigania. Sisemi umaskini ndio ulishika waya, mkono ulikuwa wa mjomba. Ila ukipanga usalama wa mtoto bila kugusa hiyo njia ya pesa umepaka rangi ukuta wenye maji.

Familia iliachwa peke yake karibu saa nzima, afisa na mama wa kujitolea wakakaa barazani nje. Hii ndiyo sehemu maafisa wengi huishindwa, kunyamaza na kutoka. Walipoitwa ndani mpango ulikuwa wao, afisa aliongeza vitu viwili tu. Wao walisema pesa za mama ziende kwa nyanya moja kwa moja. Kijana asiamke kabla ya saa kumi na mbili siku za shule, msichana wa jirani alipwe kidogo kupeleka ndoo. Mjomba akija aje mchana nyanya akiwepo, na aache pikipiki barabarani aje kwa miguu, hili lilitoka kwa ile picha, ambayo kijana alikubali ionyeshwe. Baba atume cha chakula kila mwisho wa mwezi. Shangazi aje kila Jumamosi akae na watoto. Viwili vya afisa ni kwamba atapita bila kuarifu, na kwamba kijana apewe namba ya mwalimu mmoja aliyemchagua mwenyewe.

Tatizo la kwanza la mpango likawa dogo na la kipuuzi, nyanya hakuwa na laini. Kitambulisho chake kilikuwa kimefutika jina. Kwenda kubadilisha kitambulisho, kusubiri, kusajili laini, kumfundisha PIN asiyoiandika kwenye ukuta wa jikoni (aliiandika, ikabidi ibadilishwe), hayo yalikula muda kuliko ushauri nasaha wote. Na kwa maoni yangu hapo ndipo nyanya alipoanza kumuamini afisa, si pale kwenye maneno mazuri ya siku ya kwanza. Alipopokea ujumbe wa kwanza wa pesa kwa jina lake alimpigia afisa kabla ya kumpigia binti yake kuuliza kama ni za kweli.

Haikwenda kama mlenda. Wiki za kati kijana alikosa shule siku mbili na nyanya akaficha, afisa alipopita bila taarifa akamkuta yuko karaini. Yule msichana wa jirani alikuwa amesafiri. Kuna ofisi hapo wangeandika "familia haishirikiani" na kuanza kutafuta kitanda kwenye makao. Afisa aliuliza kwa nini hukunipigia, nyanya akasema, "Niliona utasema nimeshindwa." Wakakaa wakatafuta mtu wa pili wa ndoo. Baba naye alituma mwezi wa kwanza, wa pili akatuma nusu, wa tatu simu ikawa haipatikani mpaka shangazi alipomfuata Garsen.

Gemu kijana hajaacha, lakini sasa hucheza Jumamosi kwa pesa anazopewa na shangazi. Mwalimu asema kwenye dawati akaa sawa. Mjomba kesi yake bado, aenda kuripoti akiitwa, na msimu uliporudi akaanza kulipa deni mwenyewe. Ameomba kurudi kulala. Kijana alipoulizwa akasema, "Aje mchana tu." Ikawa hivyo, mchana tu, na Ijumaa hula pamoja. Nyanya hakufurahi ila hakukataa.

Kilichobaki ni kikubwa. Mkataba wa mama waisha, na tajiri wake ataka aongeze. Akirudi pesa zakatika, asiporudi watoto wabaki kwa nyanya ambaye magoti yameanza kumsumbua. Hilo si la afisa kuamua na wala si la mama peke yake. Kikao kimewekwa baada ya Idi, usiku tena kwa sababu ya ile simu, na baba ashaambiwa aje kwa nauli yake.